Kila Kipande ni Mbegu

    

Leo naanza na chupa. Chupa ndogo, ukiifumba kiganjani inapotea. Shangazi yangu ana kisukari cha kuchoma sindano, na kwa miaka mingi nyumbani kwake hakukuwa na friji. Insulini yake ilikaa ndani ya chungu kidogo, chungu hicho ndani ya chungu kikubwa, na katikati yake mchanga uliolowa maji. Siku moja nilimkuta kaishika chupa, anaitikisa kwa nguvu, vile tunavyotikisa dawa ya kikohozi. Nikamwuliza, "Shangazi, mbona unaitikisa hivyo?" Akanijibu, "Mwanangu, dawa isipochanganyika itafanya kazi gani?" Nikanyamaza. Sikuwa na jibu.

Jibu lipo, na kulitafuta kulinifikisha mbali: kwa watu ambao kazi yao ni kupima jinsi nyuzi za protini zinavyokua na jinsi zinavyovunjika. Ndiyo safari yetu ya leo. Nyuzi zinavyokua, nyuzi zinavyovunjika, na kwa nini huko kuvunjika ndiko kunakowanyima usingizi.

Tukisema protini, wengi tunafikiria maharage na nyama. Lakini insulini nayo ni protini. Ile himoglobini inayoipa damu wekundu wake ni protini. Kila moja imejengwa kwa mnyororo, mmoja au zaidi, uliokunjwa kwa umbo lake maalumu. Fikiria kanga sandukuni. Ikiwa imekunjwa vizuri, unaitoa moja bila kuburura nyingine. Protini iliyokunjwa vizuri nayo iko hivyo: inafanya kazi yake, haing'ang'anii ya jirani.

Sasa ikikunjuka je? Inaweza kukunjuka kwa joto, kwa tindikali, kwa mtikiso, kwa uzee wa mwili, au kwa kasoro ya kurithi. Ikikunjuka, zile pande zake za kunata zinabaki wazi. Inaishika ya jirani. Mbili zinaishika ya tatu. Na zikipangana kwa utaratibu fulani, kila moja imelala kwa upana juu ya mwenzake kama vidato vya ngazi, unapata uzi. Uzi mwembamba mno, unene wake nanomita kama 10 tu. Ungelaza maelfu ya nyuzi hizo ubavu kwa ubavu ndipo upate upana wa unywele wako mmoja. Uzi huo ndio unaoitwa amiloidi.

Jina lenyewe lilitokana na kosa. Mwaka 1854 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, alitia iodini kwenye sehemu za mwili zenye uchafu usio wa kawaida, akaona rangi inageuka kama inavyogeuka kwenye wanga. Akauita amiloidi, yaani kitu mfano wa wanga. Miaka mitano baadaye Wajerumani wenzake wawili, Friedreich na Kekulé, wakaonyesha kuwa si wanga. Ni kitu cha jamii ya protini. Jina likabaki vilevile.

Na kuna jina jingine ambalo ndugu zetu mnaotusikiliza kutoka Kongo mtalisikia kwa namna yenu. Rangi maarufu ya kuitambua amiloidi hospitalini inaitwa nyekundu ya Kongo. Haikutoka Kongo hata chembe. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1883 na Paul Böttiger kwa ajili ya kutia rangi vitambaa, ikaingizwa sokoni mwaka 1885, wakati mkutano wa Berlin wa kugawana bara letu ukiwa midomoni mwa watu wote kule. Wafanyabiashara wakalichukua jina la Kongo kama pambo la kuuzia bidhaa. Nchi za watu zinakatwa vipande, na jina lao linabandikwa kwenye mkebe wa rangi. Kila nikilikuta neno hilo katika vitabu vya tiba nasimama kidogo. Rangi yenyewe, tuseme kweli, imesaidia sana: tangu mwaka 1922 inajulikana kwamba inaishika amiloidi, na mpaka leo daktari wa maabara akiitazama kwa mwanga maalumu anaona kijani kama cha tofaa, akajua amefika.

Turudi kwenye nyuzi. Kwa nini watu wazipime? Kwa sababu zinapatikana kwenye magonjwa mengi. Alois Alzheimer alieleza mwaka 1906 juu ya mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu, na ndani ya ubongo wa mama yule alikuta madoa na nyuzi zilizojisokota. Ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, una nyuzi zake za protini iitwayo alfa-sinukleini. Waliosafishwa damu kwa mashine ya figo kwa miaka mingi wanaweza kupata nyuzi kwenye viungo. Na hapa niseme jambo linaloniuma. Mzee akianza kusahau njia ya nyumbani, akawaita wajukuu majina ya marehemu, wapo miongoni mwetu wanaomnong'onezea uchawi. Jamani, huo ni ugonjwa wa ubongo. Mzee huyo anahitaji mkono wa kumshika na daktari wa kumwona.

Sasa twende kwenye kiini, na naomba mnisikilize vizuri hapa. Uzi wa amiloidi unakuaje? Unakua kwa ncha zake. Protini iliyo huru inapita, inaigusa ncha, inajipanga pale, uzi unarefuka. Nyingine inakuja, inajipanga. Uzi mmoja, ncha mbili. Sasa ukivunjika katikati?

Nani kati yenu amelima muhogo? Muhogo hatupandi punje. Tunachukua shina, tunalikata pingili, kila pingili inaingia ardhini na kuchipua. Shina moja likikatwa mara kumi, hujalipoteza. Umepata shamba. Basi uzi wa amiloidi ni kama shina la muhogo. Ukivunjika mara moja, ncha mbili zimekuwa nne. Kila kipande kinaendelea kurefuka, kikirefuka nacho kinavunjika, na vipande vyake vinarefuka tena.

Narudia, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Tukisikia kitu kibaya kimevunjika, tunapumua: afadhali, kimevunjika. Kwa nyuzi hizi, kuvunjika ni kuzaana.

Na wala si nyuzi dhaifu. Mwaka 2006 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walipima nyuzi za insulini moja moja, wakakuta nguvu yake ya kuhimili kukatika iko kwenye kiwango cha chuma cha pua. Lakini uzi mrefu ukikorogwa ndani ya maji unavutwa huku na huku, na hatimaye unakatika.

Haya, unapimaje kitu kama hicho, ambacho jicho halikioni?

Njia ya kwanza ni ya mwanga. Kuna rangi nyingine, inaitwa thioflavini T. Ikiwa ndani ya maji peke yake, haing'ai sana. Ikijibana kwenye uzi wa amiloidi, inang'aa. Basi wanachukua sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kinatiwa protini na rangi kidogo, sahani inawekwa ndani ya mashine yenye joto la mwili, na mashine inasoma mwanga kila baada ya dakika chache. Ukichora unachokisoma, unaona mchoro wa namna moja karibu kila mara. Kwanza kimya: saa zinapita, hakuna kitu. Kisha ghafla mwanga unapanda kama mtu akweaye mnazi. Kisha unatulia juu, maana protini huru zimekwisha.

Kile kimya cha mwanzo msikidharau. Akina mama mnaogandisha maziwa mnakijua. Maziwa mabichi ukiyaacha yenyewe yanachukua muda wake kuganda. Ukitia kijiko cha mtindi wa jana, mambo yanakwenda mbio. Na huku ni hivyohivyo: ukitia vipande vichache vya nyuzi zilizokwisha kuundwa, kimya kinafupika, au hakipo kabisa. Vipande hivyo wataalamu wenyewe wanaviita mbegu.

Lakini mwanga una upungufu wake. Twende sokoni. Muuzaji anakupimia kilo moja ya mchele mzima, na kilo moja ya chenga. Mzani unasema nini? Kilo kwa kilo. Mzani haujui kwamba upande mmoja punje ni nzima na upande wa pili zimevunjika vipande vitatu vitatu. Mwanga wa thioflavini ni kama mzani ule. Unakwambia kwa jumla nyuzi zimekuwa nyingi kiasi gani. Haukwambii ni chache ndefu, au ni vipande vingi vifupi. Na kwa mgonjwa tofauti hiyo ni kubwa. Mwaka 2009 watafiti wa Leeds, Uingereza, walizivunja kwa makusudi nyuzi za protini tatu tofauti, wakaziweka pamoja na chembe hai. Kiasi cha protini kilekile, ila vipande vifupi ndivyo vilivyoziumiza chembe zaidi.

Kwa hiyo ukitaka kujua chenga, unafanyaje? Unamwaga mchele kwenye ungo, unatazama punje moja moja. Ndiyo njia ya pili. Wanachukua tone la maji yenye nyuzi, wanalitandaza juu ya bamba la ulanga, madini yale yanayobanduka matabaka kama maganda ya kitunguu, laini kupita kioo. Kisha sindano yenye ncha kali isiyosemeka inapapasa juu yake mstari kwa mstari, kama asiyeona anavyosoma nukta nundu kwa kidole. Inapopanda, pana uzi. Inaposhuka, ni bamba tupu. Inatoka picha, na mtu anakaa na picha hiyo kupima urefu wa uzi huu, na huu, na ule, mamia kwa mamia. Nawaheshimu sana watu wa kazi hii. Ni uvumilivu wa mtu anayechambua mchele wa harusi nzima peke yake.

Katika Chuo Kikuu cha Kent, watafiti wakishirikiana na wanahisabati wa Ufaransa walifanya hivyo kwa kupanga muda. Walitengeneza nyuzi, wakazikoroga, na kila baada ya muda wakachota kidogo na kutazama chini ya sindano. Asubuhi nyuzi ni ndefu, baadaye fupi, baadaye fupi zaidi. Lakini kazi ya wanahisabati ilikuwa kuuliza swali la ndani: uzi huu unapenda kukatika wapi? Katikati, kama mtu avunjaye muwa gotini? Au unamega vipande vidogo vidogo pembeni, kama mkate mkavu? Walilinganisha protini nne, na matokeo waliyochapisha mwaka 2020 yanafikirisha. Alfa-sinukleini, ile ya Parkinson, ndiyo ilivunjika kwa urahisi zaidi, na ndiyo iliyoelekea zaidi kumega vipande vidogo. Kipande kidogo ni kibaya kwa sababu ni rahisi kusafiri.

Msikilizaji makini ataniuliza: je, kuvunjika ndiyo njia pekee ya nyuzi kuzaana? Hapana. Na jibu la swali hili lilianzia kwenye ugonjwa tunaoujua kwa majonzi, hasa nyinyi wa Kanda ya Ziwa. Selimundu. Nyuzi za selimundu si amiloidi, tusichanganye. Ni himoglobini zinazopangana ndani ya chembe nyekundu ya damu baada ya kuachia oksijeni, chembe ikapinda kama mundu. Mwaka 1985 Ferrone, Hofrichter na Eaton, Wamarekani, walieleza kwamba nyuzi hizi zina tabia ya ajabu: ubavu wa uzi mkubwa unakuwa kitalu. Nyuzi mpya zinaanzia mgongoni mwa uzi wa zamani, bila mtu kuvunja chochote. Hapo pia kuna kile kimya cha mwanzo, na kwa mgonjwa wa selimundu kimya hicho ndicho uhai. Chembe ikiwahi kupita kwenye mishipa myembamba na kurudi kwenye mapafu kabla nyuzi hazijaota, imepona safari hiyo. Dawa ya haidroksiyurea inasaidia kwa kuongeza himoglobini ya kitoto, ile tuliyozaliwa nayo, ambayo haitaki kujipanga kwenye nyuzi, na hivyo muda wa kusubiri unarefuka.

Basi utajuaje kama nyuzi zako zinazaana kwa kuvunjika, au kwa kuota mgongoni? Hapa ndipo hisabati iliponifurahisha. Kuvunjika hakuhitaji protini huru; uzi unavunjika hata kama hakuna kitu pembeni yake. Kuota mgongoni kunazihitaji sana. Kwa hiyo ongeza protini kwenye vishimo, uangalie saa. Kama kazi inafanywa na kuvunjika, ukitia protini mara nne ya kiasi cha kwanza, muda wa kusubiri mwanga upande unapungua kufikia nusu tu. Kama kazi ni ya kuota mgongoni, muda unapungua kupita hapo kwa mbali. Mwaka 2013 kundi la Tuomas Knowles na Christopher Dobson wa Cambridge, pamoja na Sara Linse wa Lund kule Sweden, walipima hivyo protini ya Alzheimer. Ikiwa imetulia, nyuzi zinazaana zaidi kwa kuota mgongoni. Ukiitikisa, kuvunjika nako kunaingia kazini. Kwa saa na mwanga tu waliweza kuzitenganisha njia mbili ambazo jicho tupu haliwezi kuziona zikitokea.

Kabla sijasahau, kuna kisa cha hamira, ile ya maandazi. Ndani ya hamira kuna protini inayoweza kujipanga kuwa nyuzi, na nyuzi hizo zinarithiwa, mama kwa mtoto, zina sura zaidi ya moja. Mwaka 2006 Motomasa Tanaka na wenzake katika maabara ya Jonathan Weissman, San Francisco, walilinganisha sura hizo. Ungetegemea uzi unaokua haraka ndio ushinde, sivyo? Ulioshinda ulikuwa unakua polepole kuliko wote. Siri yake? Ulikuwa mwepesi kuvunjika. Ulichokosa kwenye mbio ulikipata kwenye uzazi. Ndiyo maana nasema kupima kukua peke yake hakutoshi. Lazima upime na kuvunjika.

Sasa shangazi. Insulini nayo inajua kujipanga nyuzi, ikipata joto kali na mtikiso wa muda mrefu. Mtikiso unaileta protini kwenye mapovu na kwenye kioo, inakunjuka. Uzi ukishaanza, mtikiso uleule unaukata pingili. Mtikiso mmoja hauigeuzi chupa nzima kuwa nyuzi, msishtuke. Lakini insulini angavu kama maji haihitaji kuchanganywa kabisa. Ile yenye rangi ya maziwa inahitaji, na inachanganywa kwa kuiviringisha taratibu kati ya viganja viwili, kama unavyoviringisha tonge. Na ile angavu ikiwa na ukungu, au vijiuzi, au mabonge, usiichome. Irudishe ulikoipata, uulize.

Kuhusu chungu chake, nilimpelekea habari njema. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walifuatilia joto la nyumba za wakimbizi huko Dagahaley, Dadaab, Kenya, halafu wakaiweka insulini maabara katika joto lilelile la kupanda na kushuka, kati ya nyuzijoto 25 na 37, kwa wiki nne. Matokeo yalitoka mwaka 2021: dawa ilibaki na nguvu yake. Shangazi alicheka sana. Akasema, "Kumbe chungu changu nacho ni cha kisomi." Chupa ambayo haijafunguliwa bado inapaswa kukaa kwenye ubaridi wa friji, na kwa chupa yako fuata unavyoelekezwa kliniki.

Na kuna mtikiso mwingine, nimalizie kwa huo. Mwaka 2001 Claudio Soto na wenzake walifikiri hivi: ikiwa kila kipande ni mbegu, kwa nini tusiutumie uzazi huo kumsaka adui akiwa bado mchache? Wakachukua mbegu kidogo mno za prioni, protini inayoambukiza ubongo, wakazilisha protini nzima, wakaziacha zirefuke, wakazivunja kwa mawimbi ya sauti, wakaziacha zirefuke tena, wakazivunja tena. Leo kipimo kilichozaliwa na wazo hilo kinatumika kumtambua mgonjwa wa Creutzfeldt-Jakob kwa maji ya uti wa mgongo, na kwa kipimo kingine cha jamii hiyo wanatafuta mbegu za Parkinson. Sahani ile ya vishimo inatikiswa kidogo, inaachwa ipumzike, inatikiswa, inaachwa. Mhudumu anakaa pembeni anasubiri. Kishimo cha mtu asiye na mbegu kinakaa kimya mpaka mwisho. Cha mwenye mbegu, hata zikiwa chache mno, baada ya saa kadhaa kinaanza kung'aa.